Siku nne Mombasa: mkae upande gani wa daraja, na bahari muiendee saa ngapi

SWALI: Tunatoka Nakuru Jumatano tarehe 12 Agosti 2026 ili tufike Mombasa Alhamisi tarehe 13 kwa treni, halafu turudi Jumatatu tarehe 17. Tuko watano: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 4 na 9, na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti. Tunataka kuuona mji, na watoto waingie baharini. Mmoja anatuambia tukae mjini, mwingine Nyali, mwingine anasema Diani ndiyo Mombasa yenyewe. Tukae wapi, na kila siku tufanye nini?

JIBU: Dada, kaeni Nyali, upande wa bahari. Mji wa Kale mpeni asubuhi moja tu, nayo iwe ya Jumamosi. Na kabla hamjapanga saa za kuogelea, tazameni mwezi, maana tarehe mlizochagua zimeangukia bamvua, siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kuondoka sana. Nitaeleza moja moja.

Anza na ramani. Mombasa mjini ni kisiwa. Kwenda bara ya magharibi, yaani Changamwe, Miritini na barabara ya Nairobi, unapita Makupa. Kwenda kaskazini unapita Daraja la Nyali. Kwenda kusini unapanda feri ya Likoni. Watu wengi hulinganisha hoteli kwa bei na picha, wakasahau kuuliza watavuka maji mara ngapi kwa siku. Ukilala upande mmoja na shughuli zako ziko upande mwingine, likizo inaishia kwenye foleni.

Diani, ng'ambo ya kusini, ni nzuri, hilo halina ubishi, na siku hizi mtu anayeshuka treni Miritini halazimiki kupanda feri ili afike huko. Tangu mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu inatoka upande wa Miritini hadi Kwale bila kuingia kisiwani. Kwa hiyo anayewatisha na feri kwa safari ya kutoka stesheni anaeleza mambo ya zamani. Shida yenu ni nyingine: mnataka kuuona mji. Kutoka Diani hadi Fort Jesus ni lazima mpande feri au mzunguke kote kwa Dongo Kundu na Changamwe, na siku nzima imekwisha kwa saa tatu za kutazama. Diani ipangiwe safari yake yenyewe.

Kulala kisiwani kunamfaa mtu asiye na haja ya kuogelea. Kizingo kumetulia na ni karibu na Mama Ngina, uwanda wa kupumzikia kando ya bahari. Nyumba za wageni za Mji wa Kale zina haiba yake, lakini ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na mama mkwe hatazipenda. Maeneo ya katikati karibu na Mwembe Tayari yana mabasi usiku kucha. Zaidi ya hayo, kisiwani hakuna ufukwe wa maana wa kuogelea. Kila mara watoto wakitaka bahari mtavuka daraja.

Bamburi na Shanzu, kaskazini zaidi, mara nyingi ni nafuu kuliko Nyali. Lakini barabara ya kwenda Mtwapa hukwama, na ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu wanaouita Pirates, hufurika mwisho wa wiki. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne na mzee wa magoti, Nyali inashinda.

Ila neno Nyali kwenye tangazo halitoshi. Mtaa ni mkubwa, na nyumba iliyoandikwa "karibu na ufukwe" inaweza kuwa kilomita mbili au tatu kutoka majini, upande wa maduka na barabara ya Links. Usiulize "ni mbali?", maana utajibiwa "hapana, ni hapo tu". Omba pini ya mahali penyewe, uipime kwenye ramani kwa njia ya miguu, si kwa mstari ulionyooka, kwa sababu viwanja vya mbele vina kuta na njia za umma za kuteremkia ufukweni ni chache. Zaidi ya mita 500, mama mkwe atahitaji tuktuk kila mara.

Mkichagua nyumba ya kupanga badala ya hoteli, maswali yafuatayo yaulizwe kabla ya senti yoyote kutoka:

Iko ghorofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi hata stima ikipotea? Jenereta nyingi huwasha taa za ngazi tu.

Tokeni za stima analipa nani? Hapa ndipo wageni wa kutoka bara huumia. Bei ya usiku inaonekana ya chini, kisha mnakuta mita ina uniti chache na kipoza hewa kinazila. Mwambie mwenye nyumba aandike kwenye ujumbe kama bei ina stima ndani yake au la, na kama ina kikomo. Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, joto limepungua, na usiku feni inaweza kutosha kama chumba kinapata upepo.

Maji ni ya chumvi au matamu? Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi kuogea na kufulia. Hayadhuru ngozi, lakini sabuni haitoi povu na chai haiteremki. Panga kununua maji ya kunywa na kupikia ya mitungi ya lita 20.

Vitanda vina neti? Hili si la starehe. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na malaria huko ni kidogo. Pwani iko usawa wa bahari na malaria ipo. Pitieni kliniki wiki mbili kabla ya safari muulize kuhusu dawa ya kujikinga, hasa kwa mtoto mdogo na mama mkwe. Na yeyote akipata homa katika wiki za baada ya kurudi, mwambieni daktari mara moja kwamba mlikuwa Pwani, kwani daktari wa Nakuru asipoambiwa anaweza kuanza na mafua.

Kuhusu malipo: usitume pesa zote kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu ya picha nzuri. Omba akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba na afungue mlango wa kibaraza. Tapeli atakuwa na sababu mia za kushindwa. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na jina ulilopewa.

Mkichagua hoteli, mtahitaji vyumba viwili, na hesabu ibadilike kwa umri wa watoto. Uliza bei ya mtoto anayelala chumba cha wazazi, si bei ya "familia". Usinunue milo yote mitatu. Jumamosi mtakula mjini, na chakula cha mchana cha hotelini kitakuwa kimelipiwa bure. Asubuhi na jioni vinatosha.

Sasa treni. Kutoka Nairobi ziko tatu kwa siku: ya saa 2 asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya saa 9 alasiri iendayo moja kwa moja, na ya saa 4 usiku. Ya usiku iacheni. Inafika Miritini kabla ya saa 10 alfajiri, na vyumba vingi hufunguliwa saa 8 mchana. Mtakaa na watoto wenye usingizi kwenye viti vya mapokezi. Kwa kuwa mnatoka Nakuru Jumatano, laleni Nairobi, ikiwezekana upande wa Syokimau iliko stesheni, mchukue ya saa 2 asubuhi. Inafika karibu saa 8 mchana, sawasawa na saa ya kufunguliwa chumba. Msijaribu kuondoka Nakuru Alhamisi alfajiri mkimbilie ile ya saa 9 alasiri. Lori moja likilala Kinungi au Gilgil limewakosesha treni, na hata mambo yakienda vizuri mtashuka Miritini usiku.

Nauli tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwenu nyote daraja la kawaida ni 6,000 kwenda. Daraja la kwanza ni 18,000. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na magoti hugusana na ya jirani. Saa sita za hivyo ni adhabu kwa mama mkwe. Njia ya kati ni kumnunulia yeye na mtu mzima mmoja daraja la kwanza, na watatu waliobaki wakae kawaida: jumla 12,000. Tikiti zinaandikwa kwa namba ya kitambulisho cha kila msafiri, kwa hiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mvibebe. Agosti shule zimefungwa. Nunueni mara tu tarehe yenu inapofunguliwa.

Fikeni stesheni angalau saa moja na nusu kabla. Mizigo hupangwa chini nje ili mbwa wainuse, kisha hupita kwenye mashine, kisha mnapita tena ndani. Visu, pombe na mikebe ya dawa za kupulizia huzuiwa. Kwa hiyo msibebe kisu cha jikoni wala dawa ya mbu ya mkebe, vyote vinapatikana Mombasa.

Mkishuka Miritini, jueni kwamba bado hamjafika mjini. Hadi Nyali ni kama kilomita 20, mpite Changamwe, Makupa, mkate kisiwani, kisha Daraja la Nyali. Barabara ikiwa wazi ni chini ya saa moja. Ikikwama, hesabu moja na nusu. Ninyi watano na mizigo hamwenei kwenye gari dogo. Agizeni gari la viti saba siku moja kabla, na bei iwe imekubaliwa kwa ujumbe, kwa sababu madereva walioko nje ya lango wanajua mmechoka.

Sasa bahari, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo familia nyingi za bara hukosea. Mtu analipia chumba cha ufukweni, anaamka, anakunywa chai bila haraka, anateremka saa 5 asubuhi, anakuta maji yameondoka. Mbele yake ni mchanga, majani ya mwani na mawe hadi karibu na mwamba. Anadhani amedanganywa na hoteli. Hajadanganywa na mtu, maji yamekupwa.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Mombasa ina tabia moja inayorahisisha mambo: siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 12, alfajiri na tena jioni, na kupwa kabisa kuelekea adhuhuri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, mchana maji yapo.

Mwezi mchanga wa Agosti 2026 ni tarehe 12, siku hiyohiyo ya kupatwa kwa jua kunakoonekana Hispania. Kwa hiyo mtakuwa katikati ya bamvua. Ijumaa tarehe 14 maji yatakuwa chini kabisa karibu saa 5 na nusu asubuhi, Jumapili karibu saa 7 mchana, na yatajaa kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Dakika kamili zichukueni kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, lakini mpango ni huo: watoto waogelee kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 alasiri. Katikati ya siku ni ya kwenda kwingine, au kutembea kwenye mabwawa madogo ya mwambani.

Kutembea huko kuna masharti. Vaeni viatu vya mpira, kwani kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mashimo ya mawe, na mwiba ukivunjikia mguuni safari imeharibika. Geukeni kurudi mara maji yanapoanza kupanda. Wakati wa bamvua hayaji kwa mstari kutoka mbele, hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu. Makombe yaacheni yalipo, kuyaokota ni kosa. Na kwa kuwa ni kusi, tarajieni upepo, mwani ufukweni, na maji yasiyong'aa kama ya Januari. Mashua za kioo chini za kupeleka watu kwenye hifadhi ya bahari zipo, lakini msimu huu si wake. Msiwalipe hadi mmeona siku yenyewe kwamba bahari imetulia na kuna jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto wa miaka minne, si la mtu mzima lililokazwa kamba.

Siku zenyewe zikae hivi. Alhamisi msifanye lolote zaidi ya kufika, kununua maji na matunda, na kuteremka ufukweni saa 11 jioni wakati maji yanakaribia kujaa. Wauzaji watawafuata: ngamia, shanga, safari. "La, asante" moja yenye tabasamu inatosha. Bei ya ngamia iulizwe mtoto akiwa bado chini, na iulizwe kama ni ya kupanda tu au ya kwenda na kurudi.

Ijumaa asubuhi kuogelea, kisha Haller Park, Bamburi, umbali mfupi kutoka Nyali. Palikuwa machimbo ya saruji yaliyoachwa kama jangwa la matumbawe. Kuanzia mwaka 1971 René Haller aliotesha mivinje pale ambapo karibu kila mti ulikataa, na leo ni msitu. Twiga hulishwa kwa mkono, kwa kawaida saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, na kwa mtoto wa miaka minne hiyo ndiyo likizo nzima. Njia ni tambarare na zina kivuli, mama mkwe ataziweza polepole. Mjini msiende siku hiyo: maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa sala ya Ijumaa.

Jumamosi ndiyo ya mji. Ondokeni Nyali saa 1 na nusu asubuhi ili muwe Fort Jesus saa 2 linapofunguliwa. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Ndani yake, kati ya vitu vingine, kuna mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama hapo mbele mwaka 1697. Mkiwa na kitambulisho cha Kenya mnalipa kiingilio cha mwananchi, kilicho chini sana ya cha mgeni. Njia ya kuingilia ina mteremko na ua una mawe yasiyo sawa. Mama mkwe aingie hadi uani, akae kivulini, awaachie ngazi za kuta. Atakayejitolea kuwaongoza akubaliane bei nanyi nje ya lango. Saa moja na nusu inatosha, baada ya hapo mtoto mdogo hatasikiliza historia.

Kutoka ngomeni shikeni Ndia Kuu kwa miguu hadi bandari ya zamani, chini ya kilomita moja, mkitazama milango ya nakshi na vibaraza vya mbao. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na picha ya mtu ipigwe kwa ruhusa. Mama mkwe asitembee: apande tuktuk pamoja na mmoja wenu, wawasubiri mbele. Tuktuk hubeba abiria watatu, kwa hiyo mtakapoondoka wote chukueni mbili.

Kisha Biashara Street kwa leso. Huuzwa jozi, na mafundi wa kuzikata na kuzipinda wako hapohapo. Someni jina la leso kabla ya kulipa. Baadhi ni vijembe vilivyokusudiwa mke mwenza au jirani mchokozi, na muuzaji hatakuonya unapomchagulia mama mkwe kwa kupenda rangi tu. Mchana kuleni biriani au pilau mjini. Ondokeni kabla ya saa 9 alasiri: daraja bado litapitika, na maji Nyali yatakuwa yanapanda.

Jumapili asubuhi bahari tena, mchana kupumzika, na saa 10 alasiri nendeni Mama Ngina, ule uwanda wa kando ya mlango wa bandari uliotengenezwa upya mwaka 2019. Mtakaa ukutani mkitazama meli zikiingia Kilindini kwa ukaribu ambao watoto hawatautarajia, mkila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, viazi karai na madafu. Jumapili pana watu wengi mno, na kwa kweli ndivyo panavyopendeza. Mshikeni mkono mdogo. Mabuyu mekundu yanunuliwe ya kubeba, yasiliwe kwa nguo nyeupe.

Jumatatu treni ya saa 2 asubuhi inawafikisha Nairobi karibu saa 8 mchana, na Nakuru kabla usiku haujawa mkubwa. Gari liwe mlangoni saa 11 alfajiri. Kabla ya kulala Jumapili pigeni picha ya mita ya stima na ya funguo zilipoachwa, na kama mlitoa amana, semeni usiku huohuo irudishwe, si mkiwa Voi mtandao ukikatika.